Mama Karai na Gazeti Lililolowa

Dada mkubwa wa mke wangu huogesha mitambo ya simu kwenye karai, na kwa kazi hiyo amelea watoto wanne mpaka wakahama nyumbani. Mtaani wanamwita Mama Karai. Mimi namwita Shemeji, na namwogopa kuliko nilivyomwogopa mwalimu wangu wa hesabu.

Kampuni anayofanyia kazi inauza mitambo ya minara ya simu, yale maboksi ya chuma yanayofungwa juu kabisa, kwenye jua na mvua. Kazi yake ni kuhakikisha hayaingizi maji. Walimnunulia mashine ya kupimia, inawasha taa ya kijani, naye anaitumia, hana ugomvi nayo. Lakini akimaliza hapo anakunja ukurasa wa gazeti, anauweka ndani ya boksi, anakaza skrubu, halafu analizamisha boksi kwenye karai la bati tangu asubuhi mpaka saa tisa. Kisha analifungua na kuusoma ule ukurasa kwa sauti, chumba kizima kikisikia, hata ukiwa tangazo la kiwanja kinachouzwa. Ukiwa mkavu anatia sahihi. Kwa miaka kumi na tisa halijatoka boksi pale bila sahihi yake.

Basi mwaka jana kampuni kubwa ya simu ikawapa mkataba wa kubadilisha mitambo ya minara mia nne. Mimi ni fundi cherehani na redio yangu haizimwi, kwa hiyo habari nilizipata mapema. Redio ikasema wawekezaji wamechangamka, hisa za akina Shemeji zinagombewa. Siku tatu nilijizuia. Siku ya nne nikachukua pesa za mabati ya jiko letu, lililokuwa linavuja, nikanunua hisa. Mke wangu sikumwambia. Nilipanga kumshtukiza kwa jiko jipya na kabati juu yake.

Wiki nzima zilipanda, nami nikavimba kichwa mpaka nikaanza kuwashauri wateja mambo ya uchumi huku nikiwapima kiuno.

Kisha ukafika mzigo wa kwanza, maboksi sitini. Mama Karai akayazamisha, akayafungua, na kumi na moja yakatoa magazeti yaliyolowa. Mpira wa kuzibia, ulionunuliwa kwa muuzaji mpya, ulikuwa mgumu kama ukucha. Mashine ilikuwa imeyapitisha yote. Meneja akamsihi: malori yako getini, mteja anasubiri, waandishi wa habari wameshaitwa. Shemeji akatia kalamu mfukoni akaenda kunywa chai. Ikabidi kampuni itangaze kwamba mitambo itachelewa wiki tatu, na alasiri ile ile hisa zikaporomoka, theluthi nzima. Redio iliposema hivyo nilikuwa nakata suruali ya mtu. Mguu mmoja ulitoka mfupi.

Nilifunga duka nikaenda kwake moja kwa moja, nimefura. Nilimkuta sebuleni anakunja nguo.

"Karibu, Shemeji. Mbona uso umejikunja hivyo? Pasi imeharibika?"

"Umeniua, Shemeji."

"Nimekuua na umekuja kwa miguu yako?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikakatika.

"Mdogo wangu anajua?"

"Hajui."

"Haya. Na mimi nikwambie. Kila mwaka kampuni inatupa hisa kidogo, za kustaafia. Sijawahi kuuza hata moja. Zako zimeanguka? Zangu ni mara ishirini ya hizo, na zimeanguka zote."

Nikamuuliza: "Na ulijua zitaanguka?"

"Meneja mwenyewe aliniambia."

"Sasa kwa nini hukutia sahihi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Gazeti lilikuwa limelowa, Shemeji."

Hasira zote zikaniishia. Mimi mwenyewe nimefumua koti la bwana harusi asubuhi ya harusi yake, kisa bega moja.

"Usiuze kwa hasira," aliniambia mlangoni. "Na umwambie mdogo wangu kabla mvua haijamwambia."

La kwanza nilitii. La pili lilinishinda.

Mpira mpya ukaja, mitambo ikapanda minarani, na hisa zikaanza kurudi polepole. Zilipokaribia bei niliyonunulia, mvua ya kwanza ikashuka. Jiko likavuja sehemu tatu. Mke wangu akanyoosha mkono: "Lete zile pesa, nimwite fundi." Nilikuwa bado natafuta uongo wa kusema simu ilipoita. Alikuwa mama yangu, kule mbali anakoishi, ambako mvua ikianza mtandao hufa mpaka kesho yake.

"Mwanangu, huku inanyesha vibaya sana!" alipiga kelele. "Na nakusikia kama uko hapa!"

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nikampa mke wangu simu, wakaongea weee, na alipokata nikamwambia kila kitu, matone yakitudondokea. Akaenda kuleta karai, akaliweka chini ya tone kubwa.

"Zikifika bei uliyonunulia, unauza siku hiyo hiyo," akasema. "Na ukiona kitu kizuri redioni, uniite tusikilize wote."

Zilifika baada ya siku tisa. Niliuza, mabati yakapigwa, nikapumua. Jumapili iliyofuata Mama Karai akaja kuona jiko. Hakusifu wala hakukosoa. Alitandaza magazeti sakafuni, akanipandisha ngazi na ndoo za maji, nikamwaga nane nzima juu ya mabati. Akainama, akaanza kusoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika kona ya dirishani, akainua ukurasa uliolowa.

Sikungoja aseme. Nilishuka ngazi nikampigia fundi simu arudi na misumari yake.