Mbuzi wa Jirani na Waya wa Ardhi

Alama ya X nyekundu ilipochorwa kwenye geti letu Kitengela, mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa jirani. Hakuwa amenikosea kitu. Lakini ni yeye aliyekuwa akisimama kwenye ua na fimbo yake, mbuzi wake wakichungulia pamoja naye, nilipokuwa nikivuta nyaya. Nani mwingine angeiambia serikali ya kaunti kwamba nyumba ya mama imewekwa stima na binti yake, aliyejifunza kazi kwa video za simu?

Nikiri mapema: mimi ni mtu wa wasiwasi. Soketi ikipinda kidogo naing'oa naanza upya. Swichi ya chumba cha mama niliitoa ukutani mara nyingi mpaka plasta ikaanza kumomonyoka. Sikuwa na leseni, kwa hivyo nilimwita fundi mwenye leseni aje akague na kuweka sahihi, kama sheria inavyotaka. Alikunywa chai, akabonyeza swichi mbili tatu, akapima nyuma ya jikoni, akaweka sahihi, akasema, "Umejaribu, msichana." Kisha akaongea na mama pembeni, karibu na tangi la maji, akaenda zake. Naye nilimshuku. Mtu anayeipenda kazi hamalizi haraka hivyo.

Siku chache baadaye akaja afisa wa ujenzi wa kaunti, mwanaume mwembamba mwenye buti zilizojaa tope.

"Hiyo X si ya kubomoa," alisema kabla sijauliza. "Inasema tu msihamie kabla sijaridhika."

Msihamie. Mimi nililala stoo kulinda vifaa, lakini mama alikuwa bado kwenye chumba cha kupanga kule Rongai, na mwenye nyumba alishapata mpangaji mwingine. Katika nyumba hii yake mpya aliomba kitu kimoja tu: shawa ya umeme, aoge maji moto kwa sababu ya magoti. Na shawa hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Umeme ukivuja pale juu, unahitaji njia nzuri ya kushuka ardhini. Njia hiyo ni waya mmoja na fimbo ya shaba niliyoipigilia nyuma ya jikoni. Njia hiyo ikiwa mbovu, umeme utapitia mwili wa mama uliolowa.

Afisa aliangalia kila kitu ndani. Akaenda nyuma ya jikoni, akaikanyaga ardhi laini ya mvua, akarudi bila kupima.

"Nitarudi."

"Lini?"

"Nikija utaniona."

Nitarudi za namna hiyo nimezisikia. Nikakaza roho nikauliza, "Kwani kuna kitu kinakosekana?"

"Jua," akasema, akapanda pikipiki yake.

Nilikaa na neno hilo nikiligeuzageuza. Nilikuwa na hakika ni lugha ya watu wanaotaka kitu lakini hawataki kukitaja.

Jua likaja. Udongo mweusi wa kwetu ukapasuka, nyufa zikawa pana kiasi cha kumeza mkono. Niliazima kipimo nikawa napima ile fimbo kila asubuhi nikirudi kutoka kununua maziwa. Majibu yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kama siku za mvua, ilhali udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nikabadilisha betri. Nikaazima kipimo kingine. Mambo yakawa yale yale.

Wakati huohuo mbuzi wa jirani wakaanza kupenya ua wetu. Hawakujali maua wala sukuma wiki. Walienda moja kwa moja mpaka kwenye fimbo yangu ya shaba, wakainamisha vichwa. Nikaona sasa nimemshika mtu wangu.

"Sopa," nikamsalimu kwa Kimaasai chake, kwa ukali.

"Ipa, nakerai," akajibu, kama anavyomwita kila mtoto wa mtaa.

"Mbuzi zako zinatafuta nini kwa waya yangu?"

"Mbuzi haijui waya. Iko na kitu inatafuta hapo. Wewe ndio uniambie."

"Na ni wewe uliniitia kaunti?"

Alicheka mpaka akashikilia ua. "Mimi? Kaunti ikikuja kwako itaruka kwangu? Na choo yangu haina hata plani!"

Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea mwisho wa barabara. Kila geti jipya lilikuwa na X. Sikuwa nimeangalia lingine ila letu.

Afisa alirudi mchana mmoja wa jua kali, bila simu, bila kubisha. Mama alikuwa amekuja kufagia, kama alivyokuwa akija karibu kila asubuhi tangu mvua ilipokatika. Tulipofika nyuma ya jikoni mbuzi walikuwa pale, wanalamba udongo kwa bidii. Afisa akasimama akawatazama, akaanza kucheka polepole.

"Mama, mbuzi wamekusema."

"Wamesema nini?" mama akauliza, ufagio mkononi.

"Wamesema unaweka chumvi."

Mama aliniangalia mimi, si yeye. "Yule fundi aliniambia. Alisema ardhi inataka maji ya chumvi ndio ipite. Nikaona hulali, unapima tu, unapima tu. Ukienda maziwa namwaga ndoo moja. Nilikuwa nakusaidia."

"Hapa kila mtu hufanya hivyo akijua nakuja," afisa akaniambia. "Ndiyo maana sisemi nakuja lini."

Akapima. "Leo inapita. Lakini nikiandika imepita, nitakuwa nimepitisha ndoo ya mama."

"Andika tu, mwanangu," mama akamsihi. "Sitasahau kumwaga."

"Na ukisafiri?"

Afisa akanigeukia. "Fundi, unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Usiandike," nikasema.

Mama aliniangalia kama nimemfungia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Alihamia kwa shangazi, akalala kwenye kochi, na kwa muda alikuwa akinijibu kwa mguno. Mimi nikachimba. Niliteremka chini ya nyufa mpaka kwenye udongo ambao jua haliufikii, nikapigilia fimbo nyingine, na nyingine mbali kidogo, nikaziunganisha. Ndoo nikaifungia stoo. Jua likaendelea kuwaka, na nilipoona mbuzi wanapita pale bila hata kunusa, nikapima.

Afisa naye akaja kupima, bila taarifa kama kawaida yake. Akaandika.

Siku mama alipohamia, alienda kuoga kabla ya kupanga hata sufuria. Nilisimama nje ya mlango wa bafu, mkono kwenye swichi kuu, nikisikiliza maji yakianguka.

"We mtoto, uko hapo nje?"

"Hapana."

"Kama hauko, punguza kuhema." Maji yakaendelea kumwagika. "Niko mzima. Ondoka, nioge."

Nilitoa mkono kwenye swichi. Kuondoka, sikuondoka.