Kidole cha Nora Illingworth

Kanuni ilikuwa moja na fupi: msemaji akitoka nje ya maneno yaliyopitishwa na mkaguzi wa serikali, mkate sauti. Awe waziri, awe muuza samaki. Nora Illingworth aliishika kanuni hiyo tangu vita vilipoanza, akiwa ameketi nyuma ya kioo cha studio ya redio katika mji mmoja wa Yorkshire, karatasi mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia juu ya swichi. Alimkata diwani aliyekaribia kutaja kiwanda. Alimkata mchekeshaji aliyesema nje kunanyesha, maana hali ya hewa nayo ilikuwa siri, na marubani wa Kijerumani walikuwa na redio kama watu wengine. Mafundi walimwita Bi Mkasi. Hakuchukia. Alikuwa mwanamke wa kanisani, mtu mzima asiye na mume wala mtoto, na aliamini kwamba kazi ndogo ikifanywa kwa uaminifu huokoa maisha ya watu usiowajua.

Jumapili hii alifika kazini bila kulala. Usiku kucha alikuwa juu ya paa la kanisa na ndoo ya mchanga, zamu yake ya kulilinda dhidi ya mabomu ya moto. Hakuna lililoanguka. Kukesha ukingojea kitu ambacho hakiji nako kunachosha, na mji mzima ulikuwa umechoka namna hiyo. Watu walisinzia wamesimama kwenye foleni ya mkate. Asubuhi ile mchungaji alipotea katikati ya sala yake mwenyewe, na hakuna aliyecheka.

“Bi Mkasi,” Percy, fundi wa mitambo, alimwambia, “leo ni akina mama watupu. Usinikatie mtu kabla sijamaliza chai.”

Nora akamjibu kwamba chai yenyewe haina sukari, amalize asimalize ni mamoja.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, akina mama na wake waliletwa studio kuwatumia salamu askari wao waliokuwa jangwani Misri. Kila mmoja alipewa sentensi chache, na mkaguzi alizipitisha siku kadhaa kabla. Wa tatu siku hiyo alikuwa Bessie Holroyd, jirani wa Nora ukuta kwa ukuta. Tangu usichana walianika nguo kwenye kamba moja iliyovuka nyua zao mbili. Karatasi ya Bessie, iliyopitishwa Jumatano, ilimwambia mwanawe Clifford kwamba nyumbani wote ni wazima na baba anamsalimu.

Alhamisi usiku bomu liliangukia yadi ya reli, na Arnold Holroyd, mume wa Bessie, hakurudi kutoka zamu yake. Maziko yalipangwa Jumatatu, siku moja baada ya Jumapili hii.

Nora hakutarajia kumwona. Lakini alimkuta kwenye ujia, amevaa kofia yake ya Jumapili, mkoba umebanwa kifuani.

“Ungekaa nyumbani, Bessie.”

“Cliff ameshaambiwa atanisikia leo. Nisipotokea atajua kuna jambo.”

“Basi soma ilivyoandikwa.”

“Nimwambie mwanangu baba yake mzima? Na mwili uko sebuleni?”

“Ruka mstari huo. Kuruka ruhusa. Kuongeza, hapana.”

“Nikimruka baba yake atakaa anajiuliza kwa nini sikumtaja.” Bessie alimshika mkono. “Niachie neno moja tu, mpenzi. Moja.”

Nora alimweleza, taratibu kama anayemsomea mtoto, kwamba habari za vifo hazitangazwi hewani, kwamba jeshi lina njia yake ya kumfikishia askari msiba, na kwamba mkaguzi hafanyi kazi Jumapili. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakumwuliza ni neno gani. Macho yalimwuma, miguu ilimwuma, na mtu aliyechoka huishikilia kanuni kama mzee anavyoshikilia reli ya ngazi. Uchovu ni sababu; haujawahi kuwa udhuru.

Taa nyekundu ikawaka. Bessie alisoma vizuri kuliko wale wawili waliomtangulia. Alimwuliza Clifford kama soksi zilifika. Alimwambia paka amezaa tena ndani ya kabati la shuka. Akafika kwenye mstari wa wazima na salamu za baba, akaacha kusoma. Nora aliona macho yake yakiinuka kutoka kwenye karatasi.

“Cliff,” Bessie alisema, “baba yako—”

Kidole kikashuka.

Percy aliweka santuri iliyokuwa tayari. Ikatoka bendi ya tarumbeta, wimbo wa kuchangamsha wa gwaride, na mtangazaji akaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Nyuma ya kioo Bessie hakujua lolote. Aliendelea kusema. Nora aliiona midomo yake ikicheza, ikisimama, ikimalizia, kisha akamwona akitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Alitoka akiwa anavaa glavu. “Imefika?”

Nora angeweza kuisingizia mitambo, kama mtangazaji. Lakini hakuwa mtu wa uongo.

“Nimekukata.”

“Wapi?”

“Kwenye ‘baba yako’.”

Bessie alivaa glavu ya pili, kidole baada ya kidole.

“Nilikuwa namwambia, ‘Baba yako alizipanda zile njegere ulizomwachia, na zimeota.’ Basi. Usiku kucha nimetafuta neno lisilo uongo wala msiba. Nikalipata hilo.”

“Ungeniambia, Bessie. Pale kwenye ujia.”

“Hukuniuliza. Ulikuwa unanisomea kanuni.”

Akaondoka. Percy, ambaye hakukosa mzaha hata siku ya mabomu, aliichungulia chai yake tu. Mama wa nne aliitwa, naye Nora akachukua karatasi yake na kurudisha kidole mahali pake.

Maziko yalipofika, Nora alisimama nyuma, karibu na lango, na alipokwenda kutoa pole Bessie aligeuka kuzungumza na mchungaji. Clifford alirudi vita vilipokwisha. Alimkuta Nora akifagia mlango wake, akamweleza bila hasira kwamba taarifa ya msiba kutoka jeshini ilimfikia mwishoni mwa kiangazi cha mwaka ule, na kwamba mpaka ilipofika aliimalizia sentensi ya mama yake kila usiku kwa namna yake. Mara baba kafa. Mara baba kamkimbia mama. Mara nyumba nzima haipo, na wanamficha.

Nora alikaa kwenye swichi mpaka siku ya mwisho ya vita, na hakuna siri hata moja iliyopita mkononi mwake. Kamba ya nguo ilifunguliwa upande wa akina Holroyd wiki ileile ya maziko. Haikufungwa tena, na Bessie hakusema naye hadi alipokufa.