Chumvi Kwenye Bwawa la Bibi

Juzi nimepita Gungu kwa bodaboda, nikakuta bwawa la bibi limefukiwa, juu yake wamejenga fremu za maduka. Nikamwambia dereva asimame. Nikashuka, nikaduwaa pale.

Usinicheke, mwenzangu. Pale ndipo tulipolelewa mimi na mdogo wangu baada ya mama kufa. Bwawa lenyewe dogo, kama chumba cha kulala, na bibi alifuga samaki humo, wale ngege. Kila asubuhi kazi yangu kuwatupia pumba na mchwa. Jioni ugali wa muhogo, ngege wa mawese, tunalamba vidole. Ila ndugu walishasema: bwawa likimshinda bibi, sisi tugawanywe, mmoja Kasingirima, mwingine ng'ambo Kongo.

Aliyeliua bwawa ni mjomba. Namtaja, sioni haya. Alikuwa katoka Tanga na miwani yake ya jua, anajua kila kitu.

"Mama, samaki wa baharini wananona kwa chumvi. Hawa wako wana utapiamlo!"

Bibi alipokwenda sokoni, akamwaga magunia mawili ya chumvi ya Uvinza.

Bibi alirudi akakuta ngege wanaelea ubavu. Akamtazama mwanawe. "Yaani umewatia chumvi hata sijawapara?"

Kisha akafunga khanga kiunoni, akaingia. "Leta karai la maji ya pipani, mbio!" Akawa anawatafuta majike waliovimba mashavu, maana ngege huatamia mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa hujificha humo humo. Wengi walishakufa. Mmoja tu, alipotiwa karaini, akatema watoto, kama punje za mchele zenye macho. Wanaogelea! Mimi nikalia.

Baadaye bwana samaki alitueleza: wa baharini hunywa maji ya chumvi na mwili wake unajua kuitoa ile chumvi; wa maji baridi hajui, chumvi inamkausha angali majini. Mjomba akadakia, "Si ndivyo nilivyokuwa nasema?" Mpaka anaingia kaburini hakuomba radhi, na mimi sijamsamehe.

Wale watoto tuliwalea pipani mpaka tulipolikausha bwawa, tukazoa tope lote, mvua ikalijaza upya. Wakakua, wakazaana.

Leo bibi hayupo, na vijana wa Gungu hawajui kama pale palifugwa samaki. Lakini hatukugawanywa. Mdogo wangu anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, Buzebazeba. Asubuhi nikimsikia anavyogombana na kuku wake, napumua.