Kikombe cha Chai ya Tangawizi

Harufu ya chai ya tangawizi inanitia hofu. Najua ni jambo la kuchekesha kwa mtu aliyekulia Kayole, ambako kila asubuhi ngazi zilinukia tangawizi na mafuta ya taa, na mgeni asiyepewa chai alijua hatakiwi. Lakini harufu hiyo ikinifikia hunirudisha kwenye likizo moja ya Agosti, nikiwa na miaka tisa, tukiishi orofa ya tatu ya ploti ya mawe, nami nikishinda nikiuchunga mdomo wa baba yangu.

Niliuchunga kwa sababu watu walikuwa wakianguka. Alianza mzee aliyelinda geti letu. Alikuwa akifagia ngazi, ufagio ukamponyoka, na maneno yakamtoka yamevurugika kama ya mlevi, ingawa pombe hakuigusa. Kabla mwezi haujaisha akafuata mama aliyeuza mboga pale chini. Wote wawili walibebwa kwa blanketi, na hatukuwaona tena ila kwa picha kwenye tangazo la kifo getini. Watu wazima hawakulitamka neno kiharusi. Walisema karushiwa kitu, au kapigwa na upepo mbaya, kisha wakatuona na kushusha sauti. Nilichokuwa nimeokota katika minong'ono yao ni kimoja tu, kwamba mdomo hupinda kwanza. Basi baba, fundi wa mbao mwenye shingo nene na vicheko vingi, akiketi kula mimi nilimkodolea macho mpaka akaniuliza kama ana makombo. Alikuwa na presha. Dawa alimeza siku ambazo kichwa kilimuuma, na chumvi aliinyunyiza kabla hajaonja chakula.

Jumamosi moja asubuhi mama alikuwa ameenda sokoni na mdogo wangu Wafula mgongoni. Baba alikuwa ameketi kitandani aking'arisha viatu, brashi ikaanguka. Aliinama kuiokota na mkono wa kulia ukakataa. Alipoinua uso, mdomo ulikuwa umeenda upande. Nilipiga mayowe, na milango ya orofa nzima ikafunguka. Ploti yetu ilikuwa na desturi yake: aliyelegea ghafla hupewa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, kisha hulazwa na asisumbuliwe. Aliyeipika ni Mama Zuhura, jirani yetu muuza leso, ambaye alitupenda kama watoto wake. Alinipa kikombe cha bati. "Mnyweshe wewe, mwanangu, polepole. Wewe ndiye kipenzi chake," aliniambia. "Akilala kidogo ataamka sawa."

Nilimnywesha. Nyingine ilimteremka shavuni, nyingine ikaenda njia isiyo yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Macho yake yalinitazama muda wote huo. Leo nadhani alikuwa akiniomba niache, lakini siku ile nilitaka apone, kwa hiyo nikakirudisha kikombe mdomoni mwake, na nikakirudisha tena. Kisha tukamlaza. Tulinyata na watoto wakakatazwa kucheza ngazini ili apumzike vizuri. Mama aliporudi mchana alimkuta akikoroma vibaya, wakambeba kwa blanketi kama wale wengine. Alikaa hospitali siku nne. Niliwasikia wakisema kifua ndicho kilichommaliza, kwamba chai ilikuwa imeingia mapafuni. Hakuna aliyenilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimuua baba yangu.

Kayole ya sasa si ile. Asubuhi nasikia ndala zikiburuzwa ngazini, mguu mmoja ukifuata mwingine kwa shida. Ni watu walioanguka wakarudi, na sauti hiyo haikuwepo utotoni mwangu kwa kuwa kwetu hakuna aliyekuwa akirudi. Siku hizi watu hupimwa presha nje ya kanisa na msikiti, na kiharusi kinatajwa kwa jina. Ningefurahi kabisa kama si umri wa hao wenye ndala. Baba alianguka akikaribia sitini. Hawa ni wa rika langu na wadogo zangu, nami kila nikipiga mswaki hutabasamu mbele ya kioo nione kama pande zote mbili zimepanda.

Mwaka jana simu iliita nikiwa kazini. Alikuwa binti wa Wafula, mwenye miaka kumi, na Wafula mwenyewe alikuwa hajafika arobaini.

"Anti, baba ameanguka. Mdomo yake imeenda side."

"Nani yuko na wewe?"

"Ni majirani. Wamesema nimpatie chai."

Nilimuuliza kama amekunywa.

"Bado. Nimeshika kikombe."

"Kiweke chini," nilimwambia. "Usimpe kitu chochote, hata maji. Waambie wamshushe sasa hivi, wasingoje alale."

Walimshusha na kumfikisha hospitali mapema. Wafula yuko hai, na kati ya zile ndala ninazozisikia ngazini, zake zimo. Jumapili tunaketi pamoja, binti yake anatumiminia chai, naye Wafula anainamisha kidevu kama alivyofundishwa na kunywa funda moja moja. Mimi huacha kupumua mpaka ameze.

"Sista, ni chai tu," huniambia akicheka kwa upande mmoja.

Namjibu kwamba najua, kisha namtazama akiinua tena kikombe.