Mrututu Kidondani

Suud aliniacha kwa sababu ya harufu ya mguu wangu. Alisema hivyo mbele ya mama yake, na chai nimewamiminia mimi. Mguu wenyewe uliungua mafuta jikoni kwake, nikiwakaangia samaki wageni wake.

Nikapanga chumba Buguruni, nikaendelea na meza yangu Kariakoo: ubani, habasoda, mrututu. Kila asubuhi nilisaga mrututu, yale mawe ya buluu, nikaunyunyiza kidondani. Ndivyo tulivyolelewa: dawa ikiuma, ndiyo inafanya kazi. Ikiuma kidogo, niliongeza. Zahanati walisema vidonge vimeshindwa, huenda mguu ukakatwa. Mtu wa kusimama mezani kutwa!

Wilbert, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa akitengeneza dawa za shaba kwenye maabara ya chuo.

"Shikamoo mama. Hapo unatia nini?"

"Marahaba. Mrututu."

"Huo mrututu una shaba ndani. Unaua wadudu, lakini unaunguza na nyama. Mimi naifunga shaba na vitu vingine, iue wadudu, nyama iiache."

"Basi dawa yako na mrututu wangu ni ndugu."

"Ndugu, ila wangu nimempeleka shule."

Tangu talaka sikuwa nimecheka.

Akachukua usaha wangu kwa pamba, akaukuza kwenye kisahani, akapanga juu yake vikaratasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Alinionyesha picha kwenye simu. Wadudu walikuwa wametanda kama ukoko hadi kwenye vikaratasi. Viwili tu vilizungukwa na duara tupu, lisilo na mdudu.

"Hiki changu," akasema.

"Nipe hiyo dawa."

"Siwezi, mama. Nimewawekea uduvi wachanga kuona kama ina sumu, wote wamekufa. Bado haijui kuchagua."

"Usaha umechukua, dawa unaninyima. Wanaume nyie!"

Akagusa duara la pili. "Hii ni dawa ya sindano, ya zamani, hospitali ipo. Kesho twende kwa daktari. Na mrututu uache leo."

Sindano nilizivumilia. Kuacha mrututu ndiko kulikonitesa. Kidonda kisichouma nilikiona kimetelekezwa. Lakini nyama ikaanza kuota kutoka pembeni, nyekundu, safi. Mguu ninao.

Mrututu bado nauza kwa wanaonyunyizia nyanya. Mtu akitaja kidonda, naufunika. Juzi alikuja mama yake Suud.

"Mwanangu kajikata mguu, unanuka. Nipimie mrututu."

"Usimtie. Mpeleke apimwe usaha kwanza."

"Bado una kinyongo, wewe."

Kinyongo ninacho. Nikamwambia tena maneno yaleyale. Akavuka, akaununua kwenye meza ya jirani.