Ugali Hauna Maganda

Mama mmoja wa mtaa wa Silanga, hapa Nairobi, alikuwa na kishamba kwenye mteremko wa kushuka bwawani, na sheria yake ilikuwa moja: ukija kununua mboga, uje na maganda. Ya viazi, ya ndizi, hata majivu ya jiko aliyapokea. Aliyafukia kati ya kunde na mahindi, akafunika kwa majani makavu, na udongo wake ulikuwa mweusi na laini kama unga uliochekechwa. Pesa peke yake hakuitaka.

"Mkono mtupu haulambwi," aliniambia siku ya kwanza, akanirudisha na kikapu changu.

Nilikasirika. Lakini nilikuwa nimeonja mboga yake ya managu kwa jirani, na tangu hapo sukuma wiki ya kibandani niliiona kama karatasi. Shida ni kwamba sisi ni watu wa Magharibi ya nchi, na nyumba ya mtu wa Magharibi hula ugali. Ugali hauna maganda. Jirani yangu mwenye asili ya mtaa wa Makina alipika ndizi na viazi kila siku, ndoo yake ikijaa mpaka inamwagika, nami nikajikuta namwonea mtu wivu kwa sababu ya taka zake.

Basi nikaanza kupika viazi. Asubuhi viazi, jioni viazi. Mume wangu, fundi wa mbao, alivumilia kwa muda, halafu akaweka kijiko chini.

"Mama watoto, leo tutakula chakula ama bado tunaonja?"

Kisha ikaja habari kutoka nyumbani. Mama mkwe alikuwa njiani, na alikuwa anakuja kumchukua binti yetu akamlee kijijini. Alikuwa amesikia kwamba mboga za Nairobi zinamwagiliwa maji taka, na mjukuu wake hangekuzwa kwa mboga za choo. Tulikuwa na huyo mtoto mmoja tu. Nililia, nikakasirika, halafu nikaapa kwamba mama mkwe atakula mrenda wa Silanga, ile mboga ya kuteleza, mpaka anyamaze.

Mume wangu siku hizo alikuwa anatengeneza milango kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, ambako watu hutupa maganda bila kujua thamani yake. Nikamtuma. Alirudi na gunia begani, amenuna, kwa sababu mafundi wenzake walikuwa wamemuuliza nguruwe atachinjwa lini. Nikalikimbiza gunia Silanga. Yule mama akalimwaga chini: maganda machache, pakiti za maziwa, na soksi.

"Soksi haiozi," akasema. "Rudi nayo."

Mama mkwe akafika na mkungu wa ndizi za kupika na gunia la viazi vitamu. Mwingine angeona zawadi. Mimi niliona maganda. Nikamenya mkungu mzima jioni hiyohiyo, nikampakulia mlima wa ndizi. Akaupekua kwa vidole, akitafuta ugali chini yake.

"Kwani unga imepotea Nairobi?"

Asubuhi alinikuta mlangoni nikifunika kikapu kwa kitambaa. Akakifunua.

"Haya maganda unapeleka wapi?"

"Kununua mboga, Mama."

Macho yakamjaa machozi. "Mtoto wangu amefika mahali pa kula maganda," akasema, na nilipojaribu kueleza akajifunga leso, akanifuata hadi Silanga.

Yule mama wa shamba aliyanusa maganda yangu. "Sasa haya ni ya ushago, ya kijijini kabisa," akasema, akanikaribisha kwa mara ya kwanza. Mama mkwe hakuitikia hata salamu. Alichutama, akatumbukiza vidole kwenye udongo, akatoa nyungunyungu mnene, akamtazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake mjini.

"Maji unatoa wapi?"

"Ya mvua, kwa pipa hiyo."

"Na bwawa?"

"Bwawa ni ya kuangalia."

Akashika jani lenye matundu. Yule mama akamwambia, "Mdudu ndiye anaonja kwanza. Akikataa, hata mimi siuzi."

Baada ya hapo wakaanza kugombana juu ya upishi wa mrenda. Mama mkwe alisema bila kunde ni makamasi. Yule mama wa shamba, ambaye kwao ni upande wa ziwani, alisema bila maziwa ni maji tu. Waligombana huku wakipalilia, bega kwa bega, na mimi nikasimama na kikapu kama mtu aliyesahauliwa kanisani.

Jioni tulikula ugali na mrenda. Mtoto alilamba bakuli mpaka puani. Mume wangu alikula akiwa amefumba macho. Mama mkwe akala, akanawa, akalala, na hakusema lolote kuhusu safari. Nikafunga nguo za mtoto kwenye mfuko, nikauweka mlangoni. Niliogopa kuuliza.

Alfajiri nikaamka na kukuta sufuria yetu kubwa imejaa viazi vitamu vilivyomenywa, vya kutosha wapangaji wote wa ploti yetu. Mama mkwe alikuwa amesimama nje, tayari kwa safari, peke yake. Nguo za mtoto zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti. Mfuko ulikuwa pale pale mlangoni, lakini umejaa maganda.

"Peleka mapema," akaniambia. "Na umwambie yule mama, mjukuu wangu anakula mrenda na kunde."