Nahodha wa Kituku aliyemnyooshea mama mkwe kasia badala ya mkono

Jua limekwisha kuchomoza upande wa Gisenyi na ufuko wa Kituku, mjini Goma, wote unanuka sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu. Wachuuzi wanagombania beseni, mitumbwi inagongana, na katikati ya kelele hizo Adalbert Kasereka amepiga magoti ndani ya boti la mbao, mbele ya mama mmoja mnene aliyevaa kitenge kipya. Anamfunga jile. Ndivyo watu wa Goma wanavyoliita lile koti la rangi ya chungwa linalomzuia mtu asizame.

"Papa, unanikaza sana," mama analalamika. "Unanifunga kama mbuzi."

"Mbuzi ya kufungwa inafikaka sokoni, mama," Adalbert anajibu, wala hainui kichwa.

Anavuta mkanda wa kiunoni, anavuta wa kifuani, kisha anapitisha ule wa tatu katikati ya miguu huku uso ameugeuzia ziwani. Hapo sauti inatoka kwenye mtumbwi wa jirani, sauti ya mvuvi aliyekwisha kushusha samaki wake na hana kazi nyingine.

"Adalbert! Leo unavua nini? Sambaza, ao mama mukwe?"

Kicheko kinapita mtumbwi kwa mtumbwi. Mama mnene anauliza kuna nini.

"Wananicheka mimi, mama," anasema nahodha. "Acha bacheke. Nyanyua mukono kidogo."

Kituku nzima inakijua kisa chake, au inadhani inakijua. Kinachowachekesha wavuvi si kile kinachomnyima Adalbert usingizi. Hilo ndilo jambo la kusikilizwa na kila mwenye mzazi, mkwe au mtoto anayemtia ndani ya boti.

Adalbert ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa kando ya Butembo, mahali ambapo maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mtoni. Alifika Goma akiwa kijana, akabeba magunia ya samaki, akajifunza kupiga kasia, hatimaye akakabidhiwa injini. Boti si lake. Ni la bwana mmoja aitwaye Dieudonné, ambaye wote humwita patron.

Kazi ya boti hilo ni matembezi. Familia inalikodi kwa nusu siku, inapakia viti vya plastiki, fanta na nyama ya kuchoma, kisha Adalbert anawapitisha polepole kando ya pwani. Wanaona majumba ya zamani ya mtaa wa Himbi, yale ya wakati wa Wabelgiji, na bustani zake zinazoshuka hadi majini. Wanaona mawe meusi, mahali moto wa volkano ulipoingia ziwani ukazimika. Mwezi wa nane wanakwenda kuangalia miti ya umuko, ambayo hupukutisha majani yote na kuvaa maua mekundu matupu, hata ukiwa mbali unadhani mlima unaungua.

Zamani wateja walikuwa watu wa mashirika. Tangu vita vifike mjini, wengi wao waliondoka, na sasa wanaokodi ni watu wa hapa hapa: maharusi, wanakwaya, familia zenye sherehe. Boti hukodishwa dola themanini, na Adalbert hupata kumi. Kuna majuma hapati hata safari moja.

"Mugeni wa shirika unamwambia vaa jile, anavaa," anasema. "Mutu ya kwetu anakuuliza wewe ni nani."

Basi mwezi wa nane uliopita simu ililia. Alikuwa Charline, dada mkubwa wa mke wake, ambaye anafanya kazi ofisini na amejenga Himbi. Alitaka kumtembeza mama yao, Mama Nyirakamana, aliyeshuka kutoka kijijini Kalengera kuja kupumzika. Maisha yake yote mama huyo alikuwa amelitazama ziwa kutoka barabarani tu, akiwa na mzigo kichwani.

"Shemeji, tunakutaka wewe," Charline alimwambia. "Mama aone ile miti ya umuko, na aone mukwe wake anafanyaka kazi gani."

Hapa mtu mwenye adabu za kwao angekataa. Adalbert alilelewa na nyanya yake, na nyanya yake alimfundisha kwamba mama mkwe hashikwi mkono, haangaliwi usoni, haamrishwi, na ukimwona njiani unapisha. Kwa Mama Nyirakamana kule Kalengera ni hivyo hivyo. Katika miaka yote ya ndoa, wawili hao walisalimiana kupitia mlango au kupitia watoto. Akija, Adalbert anakula nje.

Lakini alikubali. Anaeleza sababu huku akikwangua ubao wa boti kwa ukucha.

"Siku ya mahari alisema binti yake anaolewa na muchukuzi wa samaki. Hakunisema uso kwa uso, nilisikia. Nilitaka anione nimekaa nyuma ya injini. Ni ile tu. Majivuno."

Siku ya safari watu walikuwa tisa. Adalbert aliwafunga majile mmoja mmoja, kama kawaida yake, mpaka akafika kwenye kiti cha mama mkwe. Angepitishaje mkanda katikati ya miguu ya mama aliyemzaa mke wake? Alimkabidhi Charline jile lile, akarudi nyuma ya injini.

Charline alimtupia mama begani, kama mtandio. Hakufunga hata mkanda mmoja. Kitenge kilikuwa kipya, na picha zilikuwa bado hazijapigwa.

"Shemeji, mwambie mama afunge," Adalbert alisema, macho yakiwa chini.

"Acha mama apumue, shemeji! Utamkunjia nguo."

"Mikanda inaninginia."

"Baadaye, tukishapiga picha."

Nahodha huyu, ambaye siku nyingine hawashi injini kabla ya mkanda wa mwisho, aliwasha injini. Mama wa mtu alikaa na jile la mapambo, na kila mtu ndani ya boti akaona ni heshima. Enyi wazazi wenzangu, tumewazika wangapi kwa heshima ya namna hiyo?

Walikwenda vizuri. Mama Nyirakamana alicheka alipoona majumba ya Himbi kwa mgongo. "Kumbe matajiri nao wanaanika nguo nyuma ya nyumba!" Hata Adalbert alicheka, kimyakimya, akiwa ameinamia injini. Anasema ilikuwa saa nzuri kuliko zote za kazi yake.

Walipofika kwenye rasi yenye miti ya umuko, Charline aliomba boti lipunguzwe mwendo. Mama alisimama ili maua mekundu yaonekane nyuma yake. Wakati huo meli ya abiria ilikuwa imekwisha kupita mbali, lakini mawimbi yake yalikuwa bado njiani. Yalipolifikia boti, lilinyanyuka upande mmoja, mara moja tu, na pale aliposimama mama pakabaki patupu.

Mama alianguka karibu na injini. Jile lilimtoka mabegani hapo hapo. Likaelea zuri, rangi yake ikang'aa. Mwenyewe hakuelea.

Adalbert alizima injini. Mama mkwe alikuwa hatua moja na mkono wake, kichwa kikizama na kuibuka, vidole vikitafuta kitu cha kushika. Mkono wa Adalbert ulikuwa mtupu. Akaugeuza, akachukua kasia, akamnyooshea kasia.

"Mushike mukono!" alipiga kelele Fortunat, mume wa Charline, aliyekuwa mbele na hajui kuogelea. "Papa, mushike! Unangoja nini?"

"Ni mukwe wangu!" Adalbert akajibu.

Alijibu hivyo kwa sauti, na wote waliokuwa botini walisikia. Mama wa Kalengera hajui kasia ni kitu cha kushika. Lilimgusa shavu, akalisukuma, akazama.

Hapo ndipo Adalbert alipolitupa na kuruka. Alichoshika kwanza kilikuwa kitenge. Alivuta kwa nguvu zake zote na kitenge kikaja chenyewe, chepesi, hakuna mtu ndani yake. Alipiga mbizi tena, akamshika chini ya makwapa, akamkumbatia kifuani kama mtoto, akampandisha.

Mama alilala kwenye mbao akiwa na shimizi lililomgandama mwilini, mbele ya mkwe wake na mbele ya wageni. Alitapika maji. Charline alimfunika kitambaa cha meza. Alipoweza kupumua, jambo la kwanza alilofanya ni kujifunika uso kwa mikono miwili, na hakuitoa mpaka Himbi. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa akirekodi miti kwa simu, na simu haikuzimwa. Picha zilifika Kituku kabla ya boti.

Kesho yake mama alipanda taksibasi akarudi Kalengera bila kuaga.

Nyumbani kwao Kyeshero, Munezero, mke wa Adalbert, anachambua maharage. Ana mimba ya nne, na miguu imevimba. Katika mimba zote tatu za mwanzo mama yake alikuja kabla ya uchungu, akakaa, akamkanda, akampikia uji. Safari hii mkunga amemwambia asibaki peke yake, maana presha yake imepanda.

"Batu wanazani nilimkasirikia kwa sababu ya kitenge," anasema. "Kitenge ni kitambaa. Mimi nilimuuliza habari ya kasia. Nilimwambia, mama yangu anakufa, wewe unamupa mti?"

"Na alijibu nini?" ninamuuliza.

"Alitoka nje, akalala kwa jirani."

Charline naye haji tena. Anasema kwa simu kwamba kila akimwona shemeji yake anaziona zile picha, na kila akiziona picha anaikumbuka mikanda. "Yeye alinambia nifunge," anasema, kisha anakata simu.

Mwezi uliofuata Adalbert alikwenda Kalengera kutengeneza mambo kama inavyotakiwa: mbuzi, kitenge kipya, na jirani yake Muzee Nsanzimana wa kumsemea. Walikaa uani. Mama Nyirakamana hakutoka. Alisikiliza akiwa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

Muzee Nsanzimana aliongea vizuri. Alisema mkwe ameona kisichoonwa, ameshika kisichoshikwa, na anaomba asamehewe. Mbuzi akalia.

"Mbuzi nimepokea," sauti ilitoka. "Kitenge nimepokea. Hayo ya mwili wangu yameisha. Mimi ni mutu muzee, mumeniona, hamukupofuka. Sasa mumuulize ni kwa nini alinipa kasia."

Muzee alimgeukia Adalbert. Njia nzima walikuwa wamepanga maneno ya kitenge. Ya kasia hawakuwa nayo.

"Niliogopa kukushika, mama," Adalbert alisema mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila mtu katikati.

"Uliogopa nani?"

"Batu."

"Ndani ya maji tulikuwa batu wangapi?"

Adalbert alitazama chini. "Wewe peke yako, mama."

"Haya. Nendeni. Nitafikiri."

Walirudi Goma. Muzee Nsanzimana anasema alimwona Adalbert akilia ndani ya taksibasi, akajifanya anaangalia mashamba.

Tangu hapo nahodha huyu amekuwa kero kwa wateja. Anayekataa mkanda anashushwa, awe padri, awe bwana harusi. Juzi alimshusha mjomba wa bibi harusi, safari ikavunjika, na patron Dieudonné akamtishia kumpa mtu mwingine injini. "Ananiharibia biashara," patron anasema, kisha anaongeza kwa sauti ndogo, "lakini mke wangu hapandi boti asipokuwa yeye nyuma ya injini."

Adalbert hajioni shujaa kwa hilo. Ukimsifu kwamba aliruka majini, anakukatiza.

"Niliruka nikiwa nimechelewa. Kama angekuwa mama wa mutu mwingine, ningemushika mara ya kwanza. Sasa niambie, heshima yangu ilimusaidia nani?"

Jumapili iliyopita, baada ya misa, simu ya Munezero ililia. Ilikuwa Kalengera. Mama alisema atashuka Jumatano na atakaa mpaka mtoto azaliwe. Alitaja sharti moja. Barabara ya kituo cha taksibasi ina pikipiki nyingi na macho yake yamepungua, kwa hiyo asije Munezero na tumbo lake, asitumwe mtoto, asitumwe Muzee Nsanzimana. Aje mkwe, amshike mkono, amvushe.

Munezero anasimulia hayo akiwa ameinamia maharage yake. "Nilimuuliza mara mbili, mama, kumushika kweli? Akaniambia, ao anabaki, ao anakuja, mimi sivuki na mutu mwingine."

Wavuvi wa Kituku wamekwisha kusikia na wameahidi kwenda kutazama. Adalbert amemwambia patron kwamba Jumatano hafanyi kazi. Amefua shati. Anakaa kwenye ukingo wa boti, mikono yenye sugu za kamba imelala magotini, na anaiangalia kama mali ya mtu mwingine.

"Nitamushika," anasema. "Batu bakicheka, bacheke. Ila sijajua bado nitaangalia wapi."